Ngumi za Nasimiyu

Dada yangu Nasimiyu alianza kupiga watu kabla hajaota meno ya ukubwani. Mama yetu, ambaye sisi humwita Mayi, ni muumini wa kanisa la Friends kule kijijini kwetu Chwele, na kanisa hilo hufundisha kwamba Mkristo hamwinulii mtu mkono. Watoto wake wengine tulitoka wapole, mimi Harun nikiwa kitindamimba. Nasimiyu alitoka vingine. Siku moja mvulana wa jirani alimwaga maji niliyokuwa nimeyabeba kutoka kisimani. Nasimiyu alimfuata hadi kwao na kumpiga kwa jerikeni mpaka jino likang'oka. Mayi akamburuta kwenda kuomba msamaha. Akasimama mbele ya mama wa yule mvulana, akasema, "Samahani kwa jino. Kwa maji siombi."

Alipoolewa Kimilili, mumewe alimpiga akamvunja mfupa wa bega. Akanyamaza, akapona. Mara ya pili yule bwana alipoinua mkono, Nasimiyu alikuwa anasonga ugali, na mwiko ukatua katikati ya paji la uso. Wazee walipoketi kuuliza nani alianza, akawajibu, "Yeye alianza, mimi nikamaliza," kisha akafunga nguo zake akarudi nyumbani.

Kwa hiyo mwezi wa pili mwaka huu, ilipoenea habari kwamba amekufa baharini huko Ugiriki huku akimpiga tajiri wake majini ili afe, kila aliyemjua aliamini upesi. Wakenya wa Doha, tulikokuwa tukifanya kazi, waliisambaza kwenye simu zao hata kabla sijapigiwa mimi nduguye. Kule Chwele, baba zetu wadogo walisema mtu aliyekufa na damu ya mwenzake mikononi hatazikwa mbele ya nyumba kando ya baba yetu. Atazikwa nyuma, kwenye ua, kwa haraka, bila hotuba.

Mayi alinipigia simu. Hakulia. Alisema, "Harun, mwili bado haujaja. Wewe uko huko karibu na hao watu. Nataka kujua ninamzika nani."

Mimi ni mlinzi kwenye jengo la maofisi pale Lusail, pembeni mwa Doha. Nilitangulia kuja, Nasimiyu akafuata, akapata kazi ya kulea watoto katika nyumba moja ya Umm Salal. Bwana wa nyumba anaitwa Basel, mkewe Rima, watu wa Lebanoni, wote wahandisi. Mtoto wao wa kiume ni Tariq, ana miaka sita. Wa kike, Salma, alizaliwa Nasimiyu akiwa tayari yuko pale, na tangu kuzaliwa hakukubali kulala ila mgongoni mwake, ndani ya leso.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Madamu Rima hakutaka leso. Alisema miguu ya mtoto itapinda, akanunua kigari cha kusukuma chenye kifuniko na magurudumu makubwa kama ya baiskeli. Nasimiyu alikuwa anambeba kwa siri. Ijumaa tulipokutana kanisani, rafiki yake Millicent, ambaye pia analea watoto, alimtania mbele ya watu.

"Wewe utafukuzwa kwa sababu ya leso! Weka mtoto kwa gari, usukume, upate mshahara."

"Gari halina moyo," Nasimiyu akasema. "Mtoto anasikiliza moyo. Wewe ukilala kwa mkokoteni utapata usingizi?"

"Mimi nimechoka hivi, hata kwa mkokoteni nalala."

Tulicheka. Tulikuwa hatujui.

Shule zilipofungwa kwa mapumziko mafupi, familia ilisafiri kwenda kisiwa kimoja cha Ugiriki. Madamu Rima alikuwa akienda huko utotoni wakati wa joto, na sasa alitaka watoto wakione kikiwa hakina msongamano wa wageni. Nasimiyu alinitumia ujumbe wa sauti, nao bado ninao.

"Harun, hawa watu wamenileta likizo mahali ambapo likizo imeisha! Hoteli zimefungwa. Viti vimepandishwa juu ya meza. Mwenye aiskrimu amerudi kwao. Tuko sisi, wazee wachache wa kucheza karata, na paka. Na upepo, ndugu yangu! Upepo unakupiga kofi bila hata kukuuliza jina. Jana umeng'oa bati la mgahawa likamkata mbwa mgongo, mbwa akafa hapo hapo Tariq akiangalia. Bahari inapiga ukuta usiku kucha kama mume mlevi anayetaka kufunguliwa mlango. Madamu amekasirika, Baba Tariq yuko kwa simu, watoto wanalia. Niombee nisipige mtu."

Nilimwombea. Hiyo ilikuwa sauti yake ya mwisho.

Basel alirudi Doha na watoto wawili. Mkewe alibaki hospitalini Ugiriki, mapafu yamejaa maji, amewekewa mashine, hawezi kusema. Ijumaa hiyo kanisani mchungaji aliomba sala kwa ajili ya "familia ya yule tajiri", na nikaona vichwa vikigeuka kunitazama. Jina la dada yangu halikutajwa. Nilitoka kabla ya wimbo wa mwisho, nikaenda Umm Salal.

Basel alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa hajanyoa.

"Nimekufungulia kwa sababu wewe ni ndugu yake," alisema. "Uliza unachotaka kuuliza."

"Bosi, niambie ulichokiona."

"Nilichokiona? Asubuhi walipigania kile kitambaa. Mke wangu alikivuta, dada yako akamshika mkono, akamkazia macho. Mchana wakaenda gatini kutazama mawimbi. Mimi nilibaki mgahawani. Nikasikia kelele, nikatoka kwenye baraza. Mke wangu yuko majini. Dada yako amemshika nywele, anampiga usoni. Kwa ngumi! Akapiga tena, na tena. Mpaka nilipofika, wimbi limemchukua yeye, na mke wangu yuko kwenye ngazi, uso wote damu."

"Na watoto walikuwa wapi?"

"Nyuma ya ukuta. Aliwaweka kando kwanza. Aliwaweka vizuri, ndipo akaenda kumaliza kazi yake."

Sijui nilivukaje ule mlango. Nilimshika shati kifuani, vifungo vikaruka, mgongo wake ukagonga ukuta na picha ikaanguka ikavunjika. Alinipiga ngumi ya sikio. Nikamrudishia ya mdomo. Dereva wao, Mganda anayeitwa Ronnie, alikuja mbio akanikaba shingo kwa nyuma.

"Acha, bro! Acha! Unataka kulala ndani leo?"

Basel alifuta damu mdomoni, akatazama mkono wake. "Nyinyi nyote ni wamoja," alisema. Angeweza kuita polisi. Aliingia ndani akafunga mlango.

Ronnie alinipeleka hadi kituo cha metro. Njiani alisema, "Hata mimi alinipiga, unajua? Na sahani ya chuma. Nilirudisha gari nyuma bila kuangalia kama Tariq yuko. Alikuwa yuko." Alisimama kwenye taa nyekundu. "Yule dada hakuwa anapiga ovyo."

Niliomba sana siku zile. Sikumwomba Mungu amrudishe, maana najua amemchukua. Nilimwomba anionyeshe, na kama ni kweli alichosema Basel, anipe nguvu ya kumwambia Mayi. Kule nyumbani tayari baba wadogo walikuwa wamekata miti ya ua ili kupata nafasi ya kaburi.

Kisha Madamu Rima akarudi, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuniita.

Nilimkuta sebuleni, amejifunika blanketi ingawa Doha ilikuwa imeshaanza kupata joto. Pua ilikuwa na plasta pana. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vimefungwa pamoja. Basel alisimama dirishani, ametugeuzia mgongo.

"Keti, Harun. Sogea, sauti yangu ni ndogo," alisema. "Mume wangu amenieleza alivyokuambia. Macho yake hayakusema uongo. Ila hakujua alichokuwa anakitazama. Nimemwambia, na sasa nakuambia wewe."

Alieleza polepole, akipumzika kila mara ili akohoe.

Walikuwa wanatembea gatini. Yeye alikuwa mbele na Tariq, Nasimiyu nyuma na kigari. Upepo ulikuwa mkali na Salma analia. Kisha kilio kikakoma, na Rima akafikiri mtoto amelala. Hakugeuka. Kumbe Nasimiyu alikuwa amejificha nyuma ya banda la wavuvi, akamtoa Salma kigarini, akamfunga mgongoni kwa leso, akavaa juu yake koti kubwa la mvua la Basel. Kisha akaendelea kusukuma kigari kitupu, kifuniko kikiwa kimeshushwa na blanketi zimo ndani, ili madamu asijue.

Wimbi liliruka juu ya ukuta wa gati na kuanguka kama mzigo wa mawe. Liliwaangusha wote. Rima alipoinua kichwa aliona kigari kinapinduka ukingoni na kutumbukia.

"Mwanangu alikuwa mle ndani," aliniambia. "Unaelewa? Mimi nilijua yumo. Nilimwachia Tariq mkono, nikaruka."

Nasimiyu alipiga kelele kwamba mtoto yuko salama. Rima aliona mdomo wake ukifunguka, lakini upepo na maji havikuacha hata neno moja lifike. Baadaye Tariq alimweleza mama yake kwamba dada yangu alivua koti, akafungua leso, akamketisha yeye nyuma ya ukuta na kumpakatisha Salma. Kisha akashuka ngazi za mawe ambapo mashua hufungwa, hadi maji yakamfika kifuani. Mtu ambaye maji makubwa aliyowahi kuingia ni ya mto Kuywa kule kwetu wakati wa kiangazi.

Kigari kilikuwa kimejaa maji, kinazama, na Rima amekishika kwa mikono yote miwili. Kilimvuta chini. Kila wimbi lilikiinua na kukibamiza kwenye ngazi, yeye akiwa katikati ya chuma na jiwe. Nasimiyu alimpata nywele, akavuta. Rima hakuachia. Akamvuta tena, na Rima akamng'ata mkono mpaka akasikia damu mdomoni.

"Ningekufa nacho," alisema. "Nani angeacha? Ndipo akanipiga."

Alimpiga vidole kwa ngumi mpaka viwili vikavunjika. Bado akashika. Akampiga usoni, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu ndiyo iliyovunja pua. Rima aliona giza, na mikono ikafunguka yenyewe. Kigari kikaenda. Nasimiyu akamgeuza, akaweka bega chini yake, lile bega alilovunjwa na mumewe, akamsukuma juu ya ngazi kama gunia.

"Nilikuwa nimeshika pete ya chuma ya kufungia mashua. Nikamsikia, yuko nyuma ya sikio langu, anasema, 'Salma yuko juu, madamu. Salma yuko na Tariq.' Nikageuka nimpe mkono."

Wimbi lililofuata lilirudi na kigari. Kilimpiga dada yangu kichwani, na maji yakampigiza kwenye ukingo wa ngazi, yakamvuta, yakampigiza tena. Rima alikuwa anaona. Alisema Nasimiyu hakupiga kelele. Wavuvi walimtoa jioni ile ile.

Nililia mbele yao bila haya. Basel aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha.

Nilipoweza kusema nilimwambia, "Madamu, mama yangu anasubiri. Kule nyumbani wanachimba kaburi mahali pa aibu. Mimi nikimwambia watasema namtetea dada yangu. Mwambie wewe."

Alikubali. Nilipiga simu, nikamweleza Mayi ni nani anayetaka kusema naye. Rima alisema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri kwa Kibukusu, sentensi baada ya sentensi, bila kupunguza. Mayi hakumkatiza.

"Mwulize," Mayi akasema, "alimpiga wapi."

"Usoni, Mayi. Na mikononi."

"Sana?"

"Amemvunja pua na vidole viwili."

"Kabla ya hapo, mtoto alimweka wapi?"

"Alimfungua mgongoni, akampa kaka yake ampakate, nyuma ya ukuta."

Kisha akaongea na watu walio kando yake, kwa ile sauti anayoitumia kufukuza ng'ombe shambani. Baba wadogo walikuwa wameketi uani na simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. "Mmesikia na masikio yenu. Fukieni hilo shimo lenu. Chimbeni mbele, karibu na baba yake. Na mchungaji ahubiri mpaka achoke." Akarudi kwangu. "Mwambie huyo mama pole ya pua. Mwambie ninamwombea mapafu."

Simu ikakatika.

"Amesema nini?" Rima aliuliza.

"Amesema pole ya pua," nilimjibu. "Atamzika mbele ya nyumba."

Hakuelewa maana yake, nami sikuwa na nguvu ya kueleza. Kwenye chumba cha ndani Salma aliamka akaanza kulia, kile kilio cha kuita mtu anayejulikana. Rima alijaribu kuinuka, kifua kikambana, akarudi kitini. Kilio kikaendelea. Basel aliondoka dirishani bila kututazama, akaingia. Tukamsikia anafungua kabati, anafunga, anafungua lingine. Alitoka amembeba mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameshika leso moja ya Nasimiyu, nyekundu, hata haijakunjuliwa.

"Harun," alisema, na mdomo wake bado ulikuwa na alama ya ngumi yangu. "Inafungwaje?"

Nikasimama, nikamwambia ainame.