Mguu Niliourudisha

Makofi ya mchezo wetu wa nzango husikika kabla hujawaona wasichana wenyewe, na mpaka leo nikiyasikia damu inanichemka. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, hapa Kasongo, na kila jioni tulicheza mpaka vumbi la uwanja wa shule likatujaa puani. Wawili wanaruka wakitazamana, wanapiga makofi, halafu kila mmoja anatupa mguu mbele. Miguu ikifanana, pointi ilikuwa yetu. Ikitofautiana, ya wenzetu. Ukiurudisha mguu kabla haujatoka, mnaruka upya. Timu ya kwanza ingepelekwa Kindu, na Kindu ndiko alikokuwa mama yangu, miaka miwili sijamwona.

Mchezo wa mwisho tulikutana na wasichana kutoka Wamaza, waliofika kwa pikipiki wakiwa wekundu kwa vumbi. Ilibaki pointi moja. Niliruka, mguu wa kulia ukaanza kwenda, nikasita, nikaurudisha. Mwalimu mwenye filimbi alikuwa nyuma yangu, hakuona ila mgongo wangu, lakini akapuliza: pointi ya Wamaza! Pembeni, mahali pa kuona miguu yote, alisimama msaidizi wake, Mama Furaha. Kwa desturi yetu msaidizi hasemi mpaka aulizwe; akiona kosa ananyoosha mkono tu. Aliunyoosha. Nikapiga kelele, “Mwalimu, uulize Mama Furaha! Muguu haikutoka!” Hakugeuza hata shingo. “Filimbi iko kwangu, weye mutoto. Imeisha.” Wenzetu wa Wamaza walianza kucheza na kuimba, na mkono wa yule mama ulikuwa bado juu.

Siku hizi filimbi ninayo mimi, na kila nikiwa na shaka namuuliza aliye pembeni. Watu wananung'unika kwamba nachelewesha mchezo. Wanung'unike. Mwezi uliopita nilikutana na mwalimu sokoni, mzee sasa, akanikumbusha siku ile huku akicheka. “Nilikuwa na mashaka, ndiyo,” akasema. “Lakini niulize mwanamuke mbele ya watu wote?” Nikamwambia kwamba mama yangu alirudi miaka mitatu baada ya mchezo ule, akashuka pikipiki mlangoni kwetu, nami nikamwamkia kama mgeni, nikamuuliza anamtafuta nani. Mwalimu akaacha kucheka.