Mkuu wa Kaya Anapika

Nilikuwa kidato cha pili, likizo imenikuta Nyarugusu, ambako mama alikuwa akiwapikia wachimbaji wa duara moja, yaani shimo la dhahabu. Kazi yangu kuosha masufuria. Kuongea na wanaume wale sikuweza, niliona aibu. Mmoja wao, mzee wa ndevu nyeupe tuliyemwita Babu, alishikwa na homa isiyomwachia. Zahanati hakwenda. Tangu matibabu yaanze kulipiwa, wengi pale walinunua vidonge vichache dukani wakajilaza.

Ndipo mfuko wa afya ukafika kijijini: kaya inachangia mara moja kwa mwaka, na kila aliyeandikwa kwenye kadi anatibiwa. Niliupenda utaratibu ule tangu siku ya kwanza. Mama aliupenda zaidi. Aliwachangisha wale wanaume, tukaenda kuandikisha.

Katibu wa kamati ya mfuko akacheka. "Mama, kaya ni baba, mama na watoto. Hawa wote waume zako?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mama hata hakutikisika.

"Mume mmoja tu alinishinda, nitawaweza hawa? Ila wanakula kwangu, wanalala uani kwangu, na wakikosa dhahabu nawapikia vilevile. Njoo mchana ujionee."

Akaja kweli. Akawakuta wameuzunguka ugali, kimya kama wako kwenye mtihani. Akakaribishwa, akanawa, akamega tonge. Hakuwauliza wao, akanigeukia mimi.

"Binti, hawa ni nani wenu?"

Babu alikuwa amelala nyuma ya turubai, anasikia kila kitu. Nikijibu vibaya, hatibiwi. Nikasema nilichokijua.

"Huyu hali dagaa, tunampikia mlenda. Yule asipobakiziwa ukoko ananuna mpaka jioni. Huyu akilala anamwita dada yake. Na Babu aliye ndani hana meno, ugali wake tunaulainisha."

"Mayu wee! Mwanao anatuvua nguo!" akapiga kelele yule wa ukoko, akimgeukia mama.

Katibu alicheka mpaka tonge likamponyoka. "Mimi hata wanangu siwajui hivyo," akasema, akawaandika wote kwenye kadi moja. Mkuu wa kaya: mama. Mpaka leo sijaona mtu aliyeuelewa mfuko ule kumshinda mama yangu, na shule aliishia darasa la nne.

Mchana uleule tukampandisha Babu kwenye baiskeli, mimi nikimshikilia kwa nyuma. Kule zahanati, mganga akaisoma kadi, akazitazama zile ndevu, akaisoma tena.

"Mkuu wa kaya ni nani, mzee?"

"Mama," akajibu Babu huku anatetemeka.

"Mama yako? Bado yu hai?"

"Anapika."

Mganga akatikisa kichwa, akaniagiza nikachote maji ya kumezea dawa.