Mwanya Kwenye Uzio wa Misipresi

Kati ya nyumba yangu na ya jirani yangu hapa Gisenyi palikuwa na uzio wa misipresi, na katikati yake mwanya wa kupitisha kichwa. Ukijikaza, unapita mzima. Hapo ndipo tuliposalimiana kila asubuhi. Yeye ni mukecuru, bibi kizee kwa lugha ya huku, mjane aliyerudi kutoka Kongo, na watoto wake wako mbali. Mimi ni mshonaji, nimekulia Tanzania, na hachoki kunicheka kwamba naongea kama redio.

Ugonjwa wa uzio niliujua kwa shuka. Huku nguo tunaanika juu ya uzio, habari za kamba hatuna. Siku moja naanua shuka, nakuta inanata na ina weusi kama masizi. Nikawafokea watoto wa mtaa na peremende zao, nikafoka weee, kumbe nawaonea. Nilipopekua matawi, ndani yalikuwa yamekauka na kuwa ya kahawia.

Mwenye nyumba, na zote mbili ni zake, akaja kutazama. Akasema mvua zikiisha uzio haujapona, anaufyeka na kujenga ukuta wa mawe. Niliumia. Ukuta wa mawe hauna mwanya, na miguu ya mukecuru haimfikishi tena barabarani azunguke kuja kwangu. Angebaki na nani?

Yeye akatangaza vita. Kila asubuhi, upande wake, anapita akiokota wadudu weusi, warefu, wenye magamba na alama za rangi ya chungwa, anawasaga kwa kandambili.

"Njo hii inakula miti," aliniambia. "Angalia sura yake, mutoto yangu. Mutu muzuri anaweza kuwa na sura hii?"

Sikubisha. Kwa kweli walikuwa kama mamba wadogo.

Nikamtia mmoja kwenye chupa pamoja na kijiti cha msipresi, nimpeleke kwa muuza dawa sokoni Mahoko, anipe sumu inayomfaa. Lakini yalikuwa majira ya harusi, wateja wamenikalia shingoni, chupa ikabaki kando ya cherehani. Basi nikawa namtazama. Majani hakuyagusa. Alikuwa akitembea kwenye kijiti, na vipande vya gome vikawa vinamkimbia, naye anavikamata na kuvila. Nikasogeza macho. Hayakuwa magome. Walikuwa vidukari, rangi moja na mti, wamejipanga wakinyonya, na maji yao ya sukari ndiyo yaliyoharibu shuka yangu.

Nikamletea vijiti vingine, kwa udadisi tu. Baadaye akajibandika kwenye kioo, akajikunja, nikasema amekufa huyo. Asubuhi moja nakuta ganda tupu, na kando yake kile kidudu chekundu cha madoa meusi, mviringo kama kifungo, ambacho kila mtu hukiachia kitembee kwenye kidole na kutabasamu. Mahoko sikwenda tena.

Kazi ikawa kumwambia. Nilimpitishia chupa mwanyani, nikamweleza polepole. Akaigeuza kwenye mwanga.

"Bon," akasema. "Donc mi nilikuwaka naua batoto ya rafiki. Na nilifanya bidii."

Hilo neno la bidii liliniuma kuliko yote. "Mama, nani angejua?" nikamwambia. "Nyumba njema si mlango."

"Acha kunibembeleza," akajibu, akaingia ndani.

Aliacha kuokota. Ila msipresi ukishakauka tawi, haurudi. Mvua zikaisha, mwenye nyumba akaja na watu wa mapanga, wakaanza kufyeka kutoka getini. Mimi nilijifungia na cherehani, sikutaka kuona. Nikasikia mapanga yamenyamaza. Nikatoka.

Walikuwa wamefika mwanyani. Pale misipresi ilikuwa ya kijani tupu, huku na huku, na vidudu vyekundu vinapanda na kushuka.

"Muti muzima, mi siwezi kuukata," alisema mwenye nyumba. Ukuta ukajengwa pande zote mbili, ukaishia kwenye ile miti.

Baadaye nilimuuliza mukecuru kwa nini pale tu ndipo palipopona. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Pale sikuokotaka. Kila nikifika, nilikuta we umesimama, tunaanza kuongea."