Kile Ambacho Sellah Hakukiona

Katika kambi ya wafanyakazi ya shamba lile, upande wa Kitale unaoelekea mlimani, hapakuwa na mtu aliyekunywa cha mwenzake kabla mwenyewe hajaonja. Ukifika kwa mtu, anakunywa yeye kwanza, kidogo tu, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Hakuna aliyetaja sumu. Ilikuwa adabu, lakini ndani ya adabu kulikuwa na hofu, na kila mtu aliijua. Watu walitoka Malakisi, Lwakhakha, hata ng'ambo Uganda, wakalala katika nyumba zilizoshikana, na mtu alisikia jirani akikohoa akajiuliza anakohoa nini.

Sellah alizaliwa karibu na Malakisi. Akaolewa, akaja Kitale na mumewe reli ikiwa bado mpya, mume akafa kwa homa, yeye akabaki akipalilia mahindi ya Bwana, mzungu mwenye shamba. Hakujaliwa mtoto. Alimlea Jentrix, binti wa marehemu dada yake, mpaka akawa msichana wa kuolewa. Sellah alikuwa mwanamke mfupi, si wa maneno mengi, na akicheka alichekea puani. Mimi siku hizo nilizunguka nikiziba sufuria zilizotoboka, na nikifika kambini nililala kwa katekista Wekoye. Kwa hiyo mengine niliyaona, na mengine Sellah alitusimulia mwenyewe jikoni kwa Wekoye.

Alipobatizwa aliishika dini kweli kweli, na hapo ndipo taabu ilipoingilia. Zamani hizo, anayetaka Komunyo hakuweka kitu mdomoni tangu usiku wa manane, hata maji. Padre alifika mara moja kwa mwezi, na Jumapili hiyo Sellah alifunga mpaka Misa iishe. Sasa Jumapili moja, mwaka uliofuata ule wa nzige, Mukhisa mwendesha mkokoteni wa ng'ombe alipita kwake asubuhi, ametoka kupeleka mahindi stesheni, njaa imemkaza. Sellah akamchotea uji wa wimbi.

"Mbona huonji?" Mukhisa akamtania. "Ama unataka nikufe nikuachie ng'ombe?"

"Ng'ombe ni ya Bwana. Mimi leo napokea, siwezi onja. Kama unaogopa, ngoja Misa iishe."

"Mpaka iishe nitakuwa nimekufa kweli," akasema Mukhisa, akaumaliza uji wote.

Baada ya siku mbili tumbo lilimshika. Akatapika, akalala, akakonda. Waliomwuliza alikula nini aliwaambia ukweli bila nia mbaya: uji wa mama Sellah, naye hakuonja. Basi maneno yakaanza kutembea. Wanawake waliokuwa wakichota maji na Sellah wakawa wanaenda mapema, ama wanachelewa. Watoto wakaitwa ndani akipita. Ikasemwa waziwazi kwamba Mukhisa akifa, nyumba ya Sellah itachomwa na yeye atafukuzwa.

Hiram, nyapara wa kambi, hakusema hivyo. Huyu alikuwa Mkristo wa pete, aliyefunga ndoa kanisani, na ndiye aliyeongoza rozari kwa sauti nzuri. Kila siku alimpelekea mgonjwa maziwa. Watu walipokaa kuzungumza, yeye aliuliza tu, polepole, kama mtu anayesikitika: "Mimi simshtaki mtu. Lakini kwa nini hakuonja?"

Sellah aliposikia swali hilo ni la Hiram, hakulala. Watu wa kambi wasiosali wangeweza kuuliza, haki yao. Hiram alijua jibu. Asubuhi ile ile ya uji alikuwa amepiga magoti karibu naye akapokea, na yeye pia tangu usiku hajanywa hata maji. Mtu anayejua jibu, na bado anazungusha swali kwa wasiolijua, anatafuta nini?

Alichotafuta alikuja kukisema mwenyewe, mchana, wengine wakiwa shambani. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mama Sellah, hawa watu ni wabaya. Mimi naweza wanyamazisha."

"Wanyamazishe basi."

"Nitawanyamazishaje, na wewe huna mwanaume hapa? Nipe Jentrix akae kwangu. Ukiwa mkwe wangu, nani atakugusa?"

"Si una bibi wa kanisa?"

"Hiyo ni yangu na Mungu," Hiram akasema. "Fikiri tu. Mukhisa leo hajaamka hata kukaa."

Akaondoka akimuaga vizuri. Sellah alimfungia Jentrix ndani, na tangu siku hiyo hakumwacha aende mtoni peke yake. Moyoni sasa aliona kila kitu kimesimama mahali pake: maziwa ya kila siku, mgonjwa anayezidi, mlango wake unaosubiri moto. Lakini akajiogopa pia. Wenzake si ndivyo walivyomfanyia yeye, kuunganisha uji na tumbo?

Padre alipokuja tena, alimwuliza katika kuungama kama ni dhambi kumshuku mtu. Padre alimjibu hivi: afunge mlango na amlinde mtoto, maana hilo si kuhukumu, amwendee mtu huyo peke yake kwanza, akikataa, aende na mwingine, akikataa tena, aseme mbele ya kanisa. Na asiseme neno hata moja zaidi ya alichokiona na kukisikia.

Akaenda peke yake. "Hiram, yale uliniambia si ya Mkristo. Uyaache."

Hiram akacheka. "Yapi? Nani alisikia?"

Akaenda na Wekoye. Hapo Hiram akatoa viti, akafuta na cha katekista kwa mkono wake. "Mwalimu, huyu mama ana uchungu, watu wamemsema sana. Mimi nampeleka kwa Mungu kila siku." Wekoye alirudi kichwa kikimzunguka. Usiku akaniuliza, "Wewe umetembea sana. Mtu mwenye upole hivi anaweza kuwa mwongo?" Nikamwambia nimeziba sufuria nyingi zilizong'aa kwa nje.

Jumapili iliyofuata, sala zilipokwisha, Sellah alisimama nje ya kanisa la nyasi akaomba watu wasiondoke. Alieleza kwa nini hakuonja uji, na kwamba Hiram alikuwa anajua. Kisha akasema maneno ya Hiram mlangoni, moja baada ya jingine, bila kuongeza.

"Uongo," Hiram akasema kwa utulivu. "Nani shahidi?"

Aliyejibu alikuwa Wilkista, mke wa Hiram, aliyekaa chini na mtoto mgongoni. Hakuinua hata macho.

"Mimi aliniambia nitoe vyungu vyangu nyumba ya nyuma. Ati kuna mwenzangu anakuja, msichana wa Sellah. Nimetoa. Vyungu iko nje mpaka leo, nendeni muone."

Hiram akamgeukia, na wakati huo uso wake wote tuliuona. Sitausahau. Mara kambi nzima ikageuka, kwa sauti moja, kama ilivyokuwa imemgeukia Sellah.

"Kumbe ni yeye!" mmoja akapaza sauti. "Na hiyo maziwa yake je?"

"Mama Sellah, sema. Si ndiye anamtilia Mukhisa sumu? Sema tu, tumalize leo."

Wengine walikuwa wameshaokota mawe. Hiram alimtazama Sellah. Angetikisa kichwa tu, ingetosha.

"Nilimwona akibeba maziwa," Sellah akasema. "Ndani ya maziwa sikuona."

"Lakini unafikiri nini?"

"Hiyo ninafikiri sitawapa."

Akaomba jambo moja tu: Mukhisa ale chakula cha kwa Wekoye peke yake, asipokee cha Hiram wala cha kwake yeye Sellah. Wakakubali kwa kunung'unika, mawe yakaanguka moja moja. Mukhisa alipata nafuu, akasimama mwezi uliofuata. Ilikuwa ni maziwa, ilikuwa ni maji ya njiani, ilikuwa ni uji, mpaka leo mimi sijui. Kuna waliomshuku Sellah hadi mwisho. Hiram aliendelea kuwa nyapara.

Ndiyo maana Sellah hakukaa. Alimchukua Jentrix wakarudi Malakisi kwa kaka yake aliyelima tumbaku, na kwa kuwa njia ilikuwa moja, niliwasindikiza. Jioni alisali rozari, na fungu moja, Salamu Maria kumi, alimtolea Hiram kwa jina, Jentrix akaitikia kwa shida, meno yamekazwa. Siku ya pili akashindwa kuvumilia.

"Mayi, ungesema tu," akamwambia mama yake mlezi. "Wangekuamini."

Sellah alihamisha mzigo kichwani, akatembea kidogo.

"Hiyo ndiyo iliniogopesha," akasema. "Wangeniamini."