Kifyatulio cha Mkono Wenye Glavu

Msimu wa kondoo kuzaa ulimkuta Renae Ostrander peke yake. Peke yake na mtoto wake Tess, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa, na zizi zima la majike waliojaa matumbo hadi wanatembea kama wamebeba magunia ubavuni. Mumewe Lyle alikuwa Dakota Kaskazini kwenye visima vya mafuta. Aliondoka Wyoming mtoto akiwa bado hajajua kutabasamu, akasema, "Kondoo wakianza kuzaa utaniona mlangoni." Sasa walikuwa wamekwisha kuanza, na mlango ulikuwa unafunguliwa na upepo tu.

Koyote nao walikuwa wamefika. Hao ni mbweha wa kule, wembamba, wenye subira. Alfajiri walikaa juu ya kilima wakiliangalia zizi kama watu waliowahi harusini wakisubiri sahani.

Bunduki ilikuwepo, ile ya Lyle, inayojipakia risasi yenyewe kila ukishafyatua. Renae alijua kuipiga. Baba yake alimfundisha kwa kulenga makopo kabla hajajua kuendesha baiskeli. Shida ilikuwa kifyatulio chake, kile kidude cha kuvuta kwa kidole, ambacho watu wa huko katika maongezi huita triga tu. Kilikuwa kilekile cha kiwandani: kizito, kinakwaruza, unavuta na kuvuta bila kujua kitaachia wapi. Asubuhi moja alimweka koyote katikati ya darubini, akavuta, akaendelea kuvuta, mtutu ukaanza kuyumba, na risasi ilipotoka ikachimba udongo. Koyote akaondoka na mwanakondoo aliyekuwa hata hajakauka. Mama kondoo alizunguka zizi akilia, na kwa kile kilio Renae akahisi maziwa yanamtoka, yanalowesha shati ndani ya koti.

Siku hiyohiyo akamfunga Tess kwenye kiti chake cha pikapu, akaenda mjini kwa Orval Pruitt, fundi bunduki.

Njiani alijiambia kwamba anakwenda kumnunulia Lyle zawadi. Tangu wachumbiane Lyle alikuwa akiisifu triga moja, nyepesi, yenye ulimi ulionyooka badala ya kupinda. Aliisifu jinsi wanaume wengine wanavyosifu farasi. Renae aliona kama kitu hicho kikiwa tayari ndani ya bunduki, nyumbani, kikimngoja, basi na Lyle mwenyewe atakuwa na sababu moja zaidi ya kurudi. Alijua ni mawazo ya kitoto, lakini hakuyafukuza.

Dukani jiko la kuni lilikuwa linawaka. Gus Tollefson, jirani yao mwenye ng'ombe, alikuwa amekaa kando yake na kikombe cha kahawa, kama kawaida yake ya kuja kununua kitu na kuondoka bila kitu.

"Huyo anayeingia ndiye mwenye duka sasa," Gus alisema, akimtazama Tess. "Ana mashavu ya kumiliki mali."

"Kaa kimya, Gus, utamtisha," Orval alisema. "Renae, mwanangu, lete nione."

Alifungua bunduki, akatazama ndani, akaingiza kidole chake kidogo mahali pa risasi, kisha akamgeuzia Gus. "Tupu?"

"Tupu kama kichwa changu."

Ndivyo ilivyokuwa dukani mle. Hakuna bunduki iliyolazwa juu ya kaunta bila macho ya watu wawili.

Orval alitoa vifyatulio vitatu, kila kimoja kimefungwa kwenye kibao chake cha kujaribia. Kimojawapo kilikuwa kile cha Lyle. Renae alikitambua papo hapo, ingawa alikuwa hajawahi kukiona.

"Nijaribu, Mzee Orval?"

"Jaribu."

Akagusa. Kikaachia, tak, safi kama kijiti kikavu kuvunjika. Akacheka bila kukusudia. Akajaribu na cha pili, ambacho kilikuwa na safari mbili: kwanza kinakuja laini, halafu kinasimama kama kimefika ukutani, na ukibana zaidi ndipo kinaachia.

"Hicho kinanichelewesha," alisema. "Cha kwanza ni kizuri. Ndicho Lyle anachokitaka."

"Lyle yuko wapi?"

"Anakuja."

Gus alitazama ndani ya kikombe chake. Orval alianza kufuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu.

Labda ni kule kufuta kulikomfanya Renae atoe simu. Alisogea dirishani. Iliita sana kabla haijapokelewa, na nyuma ya sauti ya Lyle kulikuwa na mngurumo wa mitambo.

"Mpenzi! Kuna nini? Tess mzima?"

"Mzima. Niko kwa Orval. Ile triga yako ipo."

"Acha utani!"

"Ipo. Nainunua. Ikufae ukija."

Lyle alicheka kwa furaha, cheko lake la zamani, na Renae akafumba macho alisikie vizuri. Kisha cheko likaisha.

"Renae, sikiliza. Bosi amenipa kuongoza zamu. Nimekubali. Ni mpaka kiangazi."

"Kondoo wanazaa sasa hivi, Lyle."

"Najua."

"Kondoo hawangoji kiangazi ndipo wazae."

"Najua, mpenzi. Ukikataa nitawaambia hapana. Lakini unajua deni la nyumba hiyo..." Mtu akamwita, akajibu kwa ukali, akarudi kwenye simu. "Nunua hiyo triga. Naitaka. Nitaikuta."

Renae alirudi kwenye kaunta. Tess alikuwa ameshika ndevu za Gus, na Gus amejiachia, kichwa kimeinama kama farasi anayevishwa hatamu.

"Kiangazi," Renae alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Orval alikunja kitambaa chake. "Vaa glavu," alisema.

"Nini?"

"Glavu zako za zizini. Watu wote wanachagulia triga hapa ndani, mikono mitupu, jiko linawaka. Halafu wanakwenda kuitumia kwenye baridi ya kukata masikio. Vaa, tutoke."

Akaifunga ile ya Lyle ndani ya bunduki, akaitazama tena kama ni tupu, akamwonyesha Gus, akamwachia Tess, na yeye na Renae wakatoka mlango wa nyuma, penye tuta refu la udongo. Upepo ulikuwa unapita kama umechelewa mahali. Renae akalenga tuta. Glavu zilikuwa bado na unyevu wa asubuhi. Alipeleka kidole kutafuta kifyatulio tu, akipapase kilipo, na nyundo ya ndani, ile inayopiga risasi, ikaanguka. Tak. Hakuwa amekusudia.

"Ni tupu," Orval alisema taratibu. "Kwa Lyle aliyelala juu ya mkeka akilenga shabaha, jua likimpiga mgongoni, hiyo ni triga nzuri. Sisemi ni mbaya."

Renae alikuwa anatazama kile kidole kinene cha glavu kana kwamba ni cha mtu mwingine. Aliwaza kule nyumbani: kilima, zizi, pikapu nyuma ya ghala, na Tess humo ndani yeye anapolenga.

"Nipe ile yenye ukuta," alisema.

Orval akaiingiza badala ya ile, na safari hii kifyatulio kikaja laini, kikasimama. Alivuta pumzi. Alikuwa na nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Akabana. Tak.

"Tena," alisema. Akarudia mpaka machozi yakamtoka.

Wakati fundi anaifunga sawasawa, Renae alikaa kando ya jiko akamnyonyesha Tess. Gus aligeuza kiti chake kikaelekea dirishani, akaanza kuisifu sana barabara isiyokuwa na gari hata moja. Orval akapiga kitako cha bunduki kwa nyundo ya mpira, huku na huku, kuhakikisha nyundo ya ndani haianguki yenyewe. Haikuanguka.

Koyote alirudi kabla wiki haijaisha. Renae alikuwa amelala kwenye majani makavu, glavu mikononi. Akakivuta kifyatulio mpaka kwenye ukuta wake, akasubiri. Koyote akageuka, akaonyesha ubavu. Akabana, na bunduki haikutikisika. Alipokwenda kumtazama pale alipoanguka, alikuwa jike, mwenye chuchu zilizovimba. Renae alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni, Renae akiwa kwenye ua wa zizi, Lyle akapiga simu.

"Ehe, imefungwa? Nieleze. Inaachia vipi?"

"Nimefunga nyingine. Ya kwangu."

"Ya kwako? Basi mimi nitatumia nini?"

"Njoo uchague mwenyewe."

Renae alitarajia Lyle atacheka, au atakasirika. Ile mitambo haikusikika leo. Huenda alikuwa kwenye kitanda chake cha kambini. Zizini jike mmoja akaanza kumwita mwanawe, na mdogo akamjibu kwa sauti nyembamba.

"Ni yupi huyo?" Lyle akauliza.

"Yule mwenye sikio lililochanika. Amezaa mapacha leo."

"Wawili? Wanasimama?"

"Wanasimama."

"Usikate," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Usiseme kitu. Peleka tu simu huko, nisikie."

Renae akavua glavu, akanyoosha mkono juu ya ua wa mbao, simu ikielekea kondoo. Mapacha walikuwa wananyonya, mikia inatikisika. Baridi ilimuuma kwenye vidole, halafu ikaacha kumuuma, na yeye hakuurudisha mkono.