Koki Nyuma ya Boila

Kwa miaka ishirini na mbili, maji ya moto ya hospitali ile yalipita mikononi mwake. Alikuwa mchochea boila, mtu wa kuni na majivu, na wote walimwita Mzee Mvuke. Basi siku paneli za jua za kupasha maji moto zilipotandazwa juu ya paa, safu kwa safu, na boila likazimwa, alijiona kama kiti kibovu kilichotolewa nje. Hakuna aliyemfukuza. Aliambiwa alinde chumba kilekile, akae tu. Huko kukaa tu ndiko kulikomtafuna.

Asubuhi moja akainyonga koki ya bomba linaloshuka kutoka paani, ile iliyojificha nyuma ya boila, akaacha maji yapite kiduchu. "Watanikumbuka," alijisemea.

Wodi ya wazazi ikapata maji ya baridi. Fundi wa paneli, mwanamke rika la bintiye wa pili, akapanda paani, akashuka, akapanda tena. Siku tatu alikagua kila kiungo juani hadi midomo ikampasuka. Mzee Mvuke alimtazama kutoka mlangoni, na siku ya kwanza, tusifiche, alicheka kimoyomoyo.

Siku ya tatu alikwenda wodini kumwona mke wa mwanawe, aliyejifungua jana yake. Akamkuta fundi anapita kitanda hadi kitanda.

"Nisameheni, mama zangu. Niliwaahidi maji ya moto, nimeshindwa. Kosa ni langu."

Mkwewe alikuwa ametoka kuoga maji yaleyale, meno yanagongana. "Shikamoo, baba," alisema. "Ungekuwepo wewe kwenye moto wako, tusingeteseka hivi."

Sifa aliyoitaka ndiyo hiyo. Lakini hakuweza hata kumtazama mjukuu. Akatoka mbio, akamkuta fundi chini ya ngazi.

"Mwanangu, ni mimi. Nimefunga koki kule chumbani kwangu."

Fundi aliduwaa. "Kwako sikukagua, baba. Niliona nitakuvunjia heshima."

Bora angemtukana. Mzee Mvuke alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aliifungua koki, kisha akaenda mwenyewe kwa mganga mkuu, akasema yote mbele ya wauguzi. Akapewa barua ya onyo na, kwa ombi la fundi, kazi ya kufuta vumbi kwenye paneli. Hayo aliyamudu. Kigumu kilikuwa kumwambia mkwewe.

Yule mama alimsikiliza hadi mwisho, mtoto begani. "Ulijua nimelazwa humo, baba?"

"Nilijua."

Mkwewe akamhamishia mtoto bega la pili, mbali naye.

Siku hizi maji yanachemka, na Mzee Mvuke hupanda paani mapema, kabla wazazi hawajatoka na taulo zao. Akichelewa, hukosi mmoja wa kumpungia mkono: "Asante kwa maji, mzee!" Naye huinama kwenye kioo, akasugua palipokwisha kung'aa, hadi mama huyo aliyempungia apite.