Mkwe Sebuleni, Kisanduku Chumbani

Kosa lilikuwa langu, na sioni haja ya kulificha. Jumatano asubuhi kompyuta iliniandikia kwamba kile kisanduku cha kuhifadhia picha kinahitaji sasisho muhimu. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi. Barua ikija na neno "muhimu" huwa naijibu siku hiyo hiyo. Nikabonyeza kukubali, nikaenda kuchagua mchele. Niliporudi, kompyuta ilidai haijawahi kukijua kisanduku chochote.

Alikinunua mume wangu alipostaafu. Ni kidogo kuliko mkate mkubwa, kina diski mbili ndani, na kazi yake ni kutunza picha na video za nyumba nzima zisipotee. Kwa kuwa hakumwamini mwizi yeyote wa mtaa wetu wa Nyamasaria, alimwita fundi wa kuchomelea amtengenezee kizimba cha chuma ukutani, chumbani mwetu, juu ya upande wake wa kitanda. Waya wa intaneti ukatobolewa ukuta hadi humo ndani. Mkono unaingia kizimbani, lakini kisanduku hakitoki. Wezi hawajawahi kukigusa. Mimi ndiye niliyekigusa.

Mume wangu alifariki mwaka jana. Jumamosi hiyo ingekuwa ibada yake ya kumbukumbu kule nyumbani, Pap Onditi, na nilikuwa nimewaahidi watoto video. Ni moja tu ambayo anaongea. Kwenye nyingine zote anakula, au amesimama nyuma ya watu akiangalia saa. Hiyo moja niliirekodi kwa simu, na simu yenyewe niliifua mwezi uliofuata ndani ya beseni, pamoja na gauni. Kwa hivyo video ilikuwa imebaki kisandukuni, na kisanduku kilikuwa kinawaka taa ya rangi ya machungwa ambayo sikuwahi kuiona. Niliogopa. Sauti yake ilikuwa imeanza kunipotea, na sikuwa nimemwambia mtu.

Anayejua mambo haya katika familia yetu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, anayetengeneza kompyuta za maofisi mjini. Alifika Alhamisi mchana na begi lake la vifaa, akakaa kiti cha karibu na mlango, akakataa soda mara mbili kisha akainywa. Nikamwambia kisanduku kiko chumbani kwangu. Akaangalia kapeti.

Kwetu mkwe haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Jambo hilo halina maelezo wala fomu ya kuomba ruhusa. Binti yangu angeweza kuingia, lakini alikuwa zamu huko Kombewa, na kutoka hapo angekwenda moja kwa moja kwenye ibada.

"Mama, tutafanya hivi," mkwe akasema. "Mimi nitakaa hapa. Wewe utakuwa mikono."

Akanipigia simu kutoka sebuleni. Nikawa namsikia mara mbili, simuni na ukutani.

"Hiyo taa inawaka tu, ama inazima-zima?"

"Inafanya hivi," nikasema, nikimwonyesha kwa mkono.

"Mama, sioni mkono."

Akaniomba nipige picha ya nyuma ya kisanduku, nimtumie. Nikamtumia. Nikasikia kiti kikisogea.

"Hii siwezi angalia, Mama. Kitanda imeonekana."

Nikapiga nyingine kwa karibu zaidi, ikaonyesha nati moja tu. Ya tatu ilimridhisha. Akaniambia kuna kitundu chini ya waya wa umeme, nitafute kitu chembamba cha kudunga. Nikavua hereni.

"Sasa sikiza vizuri," akasema. "Ukifinya, italia tii. Ikilia mara moja, toa. Hiyo itareset password na settings peke yake, video zote zitabaki. Lakini ukishikilia mpaka ilie mara tatu, inafuta kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, Mama."

Nimesimamia mitihani ya taifa mara nyingi, lakini kitundu kile kilinishinda. Nikamwambia aingie afanye mwenyewe. Mimi ningetoka nikasimame nje ya geti, na hakuna ambaye angejua. Kisha nikamsikia ameinuka, akatembea hadi kwenye korido, akasimama nyuma ya pazia la mlango.

"Mzee angejua," akasema. "Finya tu, Mama. Niko hapa."

Nilimkasirikia sana. Kisha nikafinya. Kikalia mara moja, nikaichomoa hereni kwa nguvu hadi nikagonga kiwiko kwenye chuma. Taa ikazimika. Tukangoja, yeye upande wake wa pazia na mimi upande wangu, mpaka ikawaka tena, kijani. Akarudi sebuleni kwenye kompyuta, akabonyezabonyeza, akanieleza kwamba baada ya sasisho kisanduku kilikuwa kimejipa anwani mpya, na kompyuta ilikuwa bado inakitafuta kwenye ile ya zamani. Nikamwambia atanieleza vizuri siku nyingine, sasa aifungue video.

Ni ya sekunde chache. Mume wangu amekaa verandani na redio, anaitazama simu yangu kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake. "Unafanya nini na hiyo kitu?" anasema. "Zima. Utamaliza chaji." Basi, inaishia hapo.

Sauti ilikuwa nyembamba. Ile niliyokuwa nayo kichwani mwaka mzima, nzito na ya upole, haikuwa yake. Nilikuwa nimejitengenezea mwenyewe. Nikalia mbele ya mkwe, jambo ambalo pia si desturi.

Sidhani kama aliniona. Mume wangu alipoanza kuongea, yeye alikuwa ameinuka kitini na kusimama wima, mikono nyuma, vile alivyosimama siku zote baba mkwe wake alipoingia sebuleni. Nikamwambia airudie. Akainama, akabonyeza, akasimama tena.